Irabu za Kihispania: kwa nini mnapitia Uingereza?

Maswali ni mengi safari hii, na nusu yake ni swali moja. Naanza nalo ili tulimalize.

Mwongozo niliopakua unaandika «como» kuwa KOH-moh na «me» kuwa «may». Kwa hiyo «me» ni mei?

Hapana. Mwongozo huo ameandikiwa Mmarekani, na hizo h na y zimewekwa kwa ajili ya macho yake. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa karibu sawasawa na zile ulizofundishwa darasa la kwanza. «Me» ni me ya meza. «Como» ni komo, basi. Inanikera kuona mtu wa Morogoro analipia kozi ili afundishwe kosa ambalo hakuwa nalo. Ufute.

Kwa hiyo sisi Waswahili hatuhitaji mazoezi ya irabu?

Mnahitaji, ila si yale ya kwenye programu za simu. Shida yetu huanza irabu mbili zinapokutana. Kiswahili hutenga: ki-a-tu, silabi tatu. Katika Kihispania, i au u isiyo na mkazo ikikaa kando ya a, e au o hugeuka kiyeyusho, yaani sauti ya y au w. «Tiempo» ni silabi mbili, tyem-po. Wengi wenu mnasema ti-e-mpo. «Bueno» ni bwe-no, na mtu anayesema bweni hana sababu ya kushindwa.

Alama juu ya i hubadilisha mambo: «día» ni di-a, silabi mbili. «Hacia» (kuelekea) ni a-sya. «Hacía» (alikuwa akifanya) ni a-si-a. Ndiyo maana huwa nawagombeza wanaoacha alama wakidai ni mapambo.

A, e na o zikikutana zenyewe, kila moja hubaki na silabi yake: te-a-tro, le-er. Hapo hatuna shida, isipokuwa watangazaji wetu wa mpira. Ni Re-al Madrid. Si «Río»; río ni mto.

H ya «hola» inasomwa?

Haisomwi. Ola.

Mwanangu amezaliwa Texas, anasema Kiingereza tu. Mwalimu wake wa Kihispania analalamika kwamba anameza irabu. Nimsaidieje, nami Kihispania sikijui?

Dada, irabu unazo, na ndizo anazozikosa.

Mzungumzaji wa Kiingereza huja na tabia mbili. Kwanza, irabu isiyo na mkazo huififisha. Msikilize akisema banana: a ya katikati inasikika, nyingine mbili zimebaki mguno. Katika Kihispania a za neno hilo ni tatu, na zote ni a. «Chocolate» ina silabi nne, cho-co-la-te, hakuna inayorukwa. Pili, e na o zake hazitulii. «No» yake huishia na kiji-u, «de» yake huishia na kiji-i, kwa sababu midomo na taya husogea kabla sauti haijaisha.

Mketishe mbele ya kioo aseme «no» huku midomo imetulia. Ikisogea, arudie. Kisha chukua orodha yake ya maneno uisome kama unavyosoma gazeti la Kiswahili, yeye afuate. Utakosea j, utakosea ll, lakini irabu zitakuwa safi. Anzeni na majina ya huko huko: El Paso, San Antonio, Amarillo (a-ma-ri-yo).

Na kwa kuwa hukuniuliza: angesemeshwa Kiswahili tangu utotoni, haya yasingekuwepo. Mlioko ughaibuni mtanikasirikia kama kawaida.

Lugha yangu ya kwanza ni Kikuyu, yenye irabu saba. E ya Kihispania ni e yetu au ĩ?

Hatimaye swali la mtu aliyefikiri. Iko katikati ya hizo mbili. Tumia e ya Kiswahili, na ĩ iache, maana sikio la Mhispania linaweza kuisikia kama i. Irabu moja hubadili neno zima: paso ni hatua, peso ni uzito, piso ni sakafu, poso ni mashapo ya kahawa, puso ni «aliweka». Yasome yote matano mpaka mtu aliye chumba cha pili ayatofautishe.

Nimeambiwa mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Kweli?

Nusu kweli. Ni hivyo neno likiishia na irabu, n au s. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho: hotel, ciudad, hablar. Alama ikiwepo, inatawala: «hablo» ninasema, «habló» alisema. Na tafadhali msibandike irabu mwishoni. Hakuna «hoteli» wala «siudadi» huko, na señor ukimwongezea a umemgeuza mwanamke.

Nimepata kazi Malabo, Guinea ya Ikweta. Nijifunze matamshi ya Hispania au ya Mexico?

Kwa irabu, haidhuru. Tano ni zile zile. Kinachotofautiana zaidi ni konsonanti, kama c na z. Guinea ya Ikweta watakuelewa kwa vyovyote. Ila kabla ya kumtajia mtu umri wako, hakikisha ñ yako ni ny kamili. «Año» ni mwaka. «Ano» utaitafuta mwenyewe kwenye kamusi, wakwe wakiwa mbali.

U ya «guitarra» na «queso» imekwenda wapi?

Katika gue, gui, que na qui haisomwi: gitarra, keso. Ikiwa na nukta mbili baada ya g, isome: «pingüino».