Fundi akikwambia ukuta ni pazia tu

Mkuu, umesema unajenga ghorofa pale Sakina, Arusha, chini fremu za biashara, na fundi kakwambia kuta za tofali ni pazia tu, nguzo ndizo zinabeba, hivyo hata ukibomoa ukuta baadaye upanue duka hakuna shida. Kwa uzito unaoshuka, yuko sawa. Kwa nguvu inayosukuma ubavuni, kama tetemeko, kakosea, na mimi nilikosea hivyo hivyo miaka mingi.

Angalia mlango wa banda la ng'ombe. Mbao nne zilizopigiliwa kwenye kona unazipinda kwa mkono mmoja. Ongeza ubao wa mshazari, mlango umekakamaa. Tofali kati ya nguzo na bimu (mhimili wa zege unaolala juu ya nguzo) ndio ule ubao: jengo likisukumwa, ukuta unabanwa kona hadi kona. Mhandisi mara nyingi huuhesabu kama mzigo tu.

Sasa wewe juu una vyumba, kuta tele, chini wazi. Juu panakuwa boksi gumu, kuyumba kote kunaishia kwenye nguzo za chini. Ndivyo zilivyoanguka ghorofa nyingi Ahmedabad, India, Januari 2001, na kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Mwaka uliofuata kanuni zao zikataka nguzo za chini palipo wazi zipigiwe hesabu kwa nguvu mara 2.5 ya ile ya kawaida. Kiwanja cha kona ni kibaya zaidi: kuta nyuma na ubavu mmoja tu, jengo likisukumwa linajisokota.

Julai 2007, matetemeko ya kule milima ya Gelai na Oldoinyo Lengai (kubwa lilikuwa la ukubwa wa 5.9), nilikuwa nasimamia saiti hapa mjini. Kesho yake nikapita na tochi. Nguzo zote safi, isipokuwa ya chooni. Pale ukuta uliishia usawa wa bega, juu dirisha refu, na kwenye kipande hicho kilichobaki wazi nguzo ilikuwa na ufa wa mshazari, mwembamba kama unywele. Nikasema ni ufa wa lipu tu. Nikaigonga ikabanduka, ufa uko kwenye zege. Mhandisi akanielewesha: ukuta umeishika nguzo mpaka begani, kilichobaki ni kifupi, hakipindiki, kinakatika. Tukaivalisha zege jipya na ringi za chuma za karibu karibu, kwa gharama iliyomnunisha mwenye jengo mwezi mzima.

Kwa hiyo mwambie mhandisi leo, kabla hujamwaga msingi, kwamba chini patakuwa wazi. Anenepeshe nguzo, au aweke kuta za zege kwenye ngazi. Na simama mwenyewe siku wanapofunga kozi (mstari wa tofali) ya mwisho chini ya bimu. Jioni mafundi wanapachika vipande vya tofali na mota iliyoanza kukauka ili wawahi kuondoka. Ukuta huo haujashikwa na kitu juu, ukitikiswa unaweza kulala mzima barabarani.

Na ule ukuta unaotaka kubomoa baadaye, kama ni wa upande wa barabara kwenye kona, uache.