Nani Analipia Tiketi? Maswali Yenu Kuhusu Ligi Mpya ya Raga ya Wanawake Marekani

Tangu tugusie Women's Elite Rugby, ile ligi ya kulipwa ya raga ya wanawake iliyoanza Marekani Machi 2025, maswali yamemiminika kweli kweli. Siwezi kuyajibu yote, nimechukua manne, na la kwanza nimekaa nalo sana manake naona ndo lenyewe.

SWALI: Dada mhariri, habari za kazi. Mnasema hawa wanawake wanalipwa, sasa mimi nimemuona mmoja kwenye video anasema asubuhi yuko ofisini kama mtu yeyote, jioni ndo anaenda mazoezini. Huyo ni mchezaji wa kulipwa wa aina gani? Au ni jina tu la kuvutia masponsa? – Mfuatiliaji

JIBU: Njema kaka yangu. Umeona sawa, wengi wao bado wana kazi nyingine, kuna walimu, kuna wauguzi, kuna wa ofisini. Lakini sio jina tu, na ngoja nikueleze kwa nini nalisema hilo kwa kujiamini.

Kabla ya ligi hii, ligi ya juu kabisa ya wanawake kule ilikuwa Women's Premier League, ilianza 2009, na mle ndani mchezaji ndo alikuwa mlipaji. Ada ya klabu inatoka mfukoni mwake, nauli anachangia, likizo kazini anaomba mwenyewe, na Marekani sio nchi ya kuvuka kwa basi, kutoka Boston mpaka San Francisco ni zaidi ya kilomita 4,000, yani masaa sita hivi hewani, unaondoka Ijumaa unacheza Jumamosi unarudi Jumapili usiku na Jumatatu bosi anakusubiri, umevimba na unachechemea na hela yako imeisha. Na hao ndo walikuwa wachezaji bora wa nchi nzima!

Kwa hiyo ukiniuliza ligi ya kulipwa inaanzia wapi, mimi siangalii kwanza mshahara ni shilingi ngapi, naangalia nani analipia tiketi ya ndege. Siku klabu inapokata tiketi, inapoajiri fizio (mtaalamu wa kutibu misuli na viungo) anayekaa kwenye benchi kila mechi, inapokuwa na daktari, mchezaji ameacha kuununua mchezo wake. Hiyo ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana ukiwa umekaa nje.

Na hili la kujilipia lina historia ndefu kwenye raga ya wanawake. Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa Wales 1991, likaandaliwa na wanawake wanne waliojitolea, mmoja wao ni Deborah Griffin ambaye 2025 amekuwa rais wa kwanza mwanamke wa chama cha raga cha Uingereza. Timu zilijitafutia hela zenyewe, wale wa Umoja wa Kisovieti walifika na vodka na vitu vingine vya kuuza ili wapate ya kujikimu, mpaka watu wa forodha wakawafuata. Na unajua nani alichukua kombe? Marekani, walimfunga Uingereza 19-6 pale Cardiff. Mabingwa wa dunia! Afu ikapita zaidi ya miaka 30 ndo nchi hiyo hiyo ikapata ligi ya kuwalipa wanawake wake. Mimi hilo huwa linaniuma.

Sasa angalia wenzao. Uingereza ilianza kuwapa wachezaji 28 mikataba ya kucheza muda wote Januari 2019, wakaacha kazi zao wakawa wanaamka asubuhi kwenda mazoezini tu, na 2023 wakawekewa mpaka likizo ya uzazi ya wiki 26 kwa mshahara kamili. Septemba 2025 timu hiyo ikabeba Kombe la Dunia, ikaifunga Kanada 33-13 mbele ya watu 81,885 pale Twickenham. Watu wanasema wana vipaji, sawa wana vipaji, lakini mwili unaopumzika mchana na mwili uliosimama wodini masaa kumi ukaja uwanjani jioni havilingani hata kidogo, hapo kipaji kifanye nini?

Kwa hiyo kaka, ukitaka kuipima ligi ya Marekani usiifananishe na ligi kubwa za wanaume ambazo zimekuwa na hela ya televisheni miaka na miaka. Uliza mchezaji akivunjika nani anamtibu, kwa sababu upasuaji wa goti kwa nchi ile bila bima unaweza kukufilisi. Uliza msimu ukiisha bado ana pa kufanyia mazoezi au anarudi kujitafutia jimu. Majibu ya hayo yakiwa mazuri mshahara utafuata. Yakiwa mabaya hata mshahara mnono haumsaidii akishakatika goti. Na Kombe la Dunia la wanawake la 2033 linachezwa hapo hapo Marekani, muda wanao lakini sio mwingi.

SWALI: Ziko timu ngapi na bingwa ni nani? Na sheria ni zile zile za wanaume? – Shabiki Mpya

JIBU: Timu sita: Boston Banshees, New York Exiles, Chicago Tempest, Twin Cities Gemini (hawa ni wa Minneapolis na Saint Paul), Denver Onyx, na Bay Breakers wa kule San Francisco. Msimu wa kwanza wamebeba Denver. Sheria ni zile zile kabisa, wachezaji 15 kila upande, dakika 80, trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) alama 5, mkwaju wa baada ya trai 2, penalti 3. Hakuna kupunguziwa, skramu ni watu nane wanasukumana na wanane, na ukikaa karibu na uwanja unasikia ule mgongano wa mabega kabla hujaona mpira umetokea wapi.

SWALI: Dada yangu, mimi ni mama. Binti yangu yuko chuo Marekani, nilimpeleka kusoma, sasa ananiambia anacheza raga na akimaliza anataka kujaribu hiyo ligi. Juzi katuma picha jicho limevimba lote anacheka. Nimkataze? – Mama wa Mmoja Tu

JIBU: Pole dada, hiyo picha mzazi yeyote ingemkosesha usingizi. Sitakudanganya, raga inaumiza. Jicho litapona, usiangalie jicho. Mambo ya kuangalia ni mawili, goti na kichwa.

Wanawake wanakatika ligamenti ya goti mara nyingi kuliko wanaume kwenye michezo ya kukimbia na kugeuka ghafla. Na kichwa, wataalamu wameona kwamba kwa wanawake mara nyingi tatizo ni kichwa kugonga ardhi wakati wa kuanguka, sio tu kugongana na mtu. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wanaanza raga wakubwa, hawakufundishwa utotoni jinsi ya kuanguka na kukaza shingo. Hilo linafundishika, kuna mazoezi ya shingo kabisa, na kochi anayeyaacha mimi simwamini.

Kwenye mechi kubwa mchezaji akipigwa kichwani anatolewa nje dakika 12 anapimwa, na tangu 2024 raga ya kimataifa ina kinga ya meno yenye kifaa ndani kinachopima nguvu ya kipigo na kumshtua daktari. Lakini chuoni hivyo vyote vinaweza visiwepo, huko kinga yake ni kochi anayemtoa mtu hata akiwa na wasiwasi tu na hamrudishi siku hiyo, hata kama ni fainali, hata kama mtoto analia anataka kurudi.

Kwa hiyo usimkataze, muulize. Nani anakaa pembeni na begi la huduma ya kwanza? Mlifundishwa kuanguka kabla ya kuanza kukabana? Uliwahi kupigwa kichwa, na ulikaa nje siku ngapi? Akikujibu bila kusitasita, yuko sehemu nzuri. Akianza kuzunguka zunguka, mpigie kochi wewe mwenyewe, mzazi ana haki hiyo. Na shule isiachwe dada, huyo Mmarekani Ilona Maher ambaye ndo jina kubwa kuliko yote kwenye raga ya wanawake saa hizi ana digrii ya uuguzi.

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 20, nacheza basketi, mrefu sana, raga sijawahi hata kugusa mpira wake. Nimechelewa? – Mrefu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujachelewa hata kidogo. Huyo Ilona niliyemtaja juu alikuwa kwenye hoki, basketi na softibo, raga ameanza na miaka 17, na 2024 akashinda shaba ya Olimpiki Paris kwenye raga ya wachezaji saba. Mwaka uliofuata alipoenda kucheza Bristol kule Uingereza ilibidi mechi yake ya kwanza ihamishiwe uwanja mkubwa, wakaja watu zaidi ya elfu 9.

Na urefu wako una kazi yake maalum. Mpira ukitoka nje unarudishwa kwa kurushwa katikati ya mistari miwili ya wachezaji, na mrefu mmoja ananyanyuliwa juu na wenzake wawili kwenda kuudaka. Ukiwatazama kwa karibu wale wanaonyanyuliwa utaona mapajani wamezungushia plasta nene yenye sponji chini yake, ndo pa kushikia hapo, bila hiyo mikono ya mwenzako inateleza unashuka kama gunia. Hiyo kazi ni ya namba 4 na 5, na mtu wa basketi anayejua kuruka kwa wakati na kudaka juu ya vichwa vya watu wanamgombania.

Kitakachokusumbua ni miguu yako kuzoea kukimbia mbele huku mpira unapasiwa nyuma, mwezi wa kwanza utakasirika sana. Na urefu huo huo ukikaba umesimama wima utaumia, lazima ushuke, magoti yakunjwe, bega lako liingie chini ya kifua chake na kichwa chako kikae pembeni, sio mbele yake. Anza ukiwa umepiga magoti kwenye nyasi na mwenzako naye kapiga magoti, mnaangushana taratibu, mpaka usiogope ardhi. Viatu azima kwanza, lakini kinga ya meno nunua yako mwenyewe kabla ya mazoezi ya kwanza.