Kabla ya Kuilaumu Taa: Ushauri kwa Wanaoanza Kemia ya Resini Zinazogandishwa kwa Mwanga

Anayeanza kujifunza fani hii husikia mafundi wakisema kwamba resini "imekauka", na neno hilo humpotosha tangu siku ya kwanza. Hakuna kinachokauka, kwa kuwa kwa kawaida hakuna maji wala kiyeyushi kinachoruka hewani; kinachotokea ni molekuli ndogo za akrilati au metakrilati kushikana hadi zikawa mtandao mmoja. Mwanga wenyewe hauziunganishi. Kazi yake ni kukiamsha kianzishi, yaani kemikali kidogo iliyochanganywa ndani ya resini, nacho ndicho huzaa radikali huru (vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake) zinazoanzisha mnyororo wa kuunganika, na ndiyo maana nawashauri mkijue kianzishi kabla ya kuijua taa.

Mwanga usiofyonzwa haufanyi kazi yoyote ya kikemia. Taa yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 405, iwe na nguvu kiasi gani, haitagandisha resini ambayo kianzishi chake hufyonza urujuanimno wa chini ya nanomita 350 pekee. Vipo vianzishi vinavyopasuka vyenyewe vikipata mwanga unaovifaa. Vingine, kama benzofenoni, au kamforakinoni inayotumika katika vijazio vya meno na kufyonza mwanga wa bluu karibu na nanomita 468, huhitaji msaidizi, ambaye mara nyingi ni amini, kampaundi ya kikaboni yenye naitrojeni. Amini ikisahaulika, utaangaza sana na kupata kidogo.

Kosa lililonifunza zaidi nililifanya kwa kutaka kusaidia. Sampuli yangu nene ilikuwa ngumu juu, lakini chini ilibaki uji, nami nikaongeza kianzishi mara 3. Uji ukazidi. Kanuni ya Beer na Lambert, inayoeleza jinsi mwanga unavyopungua ukipita kwenye kitu kinachoufyonza, ingeniokoa: tabaka lenye ufyonzaji wa 1 hupitisha asilimia 10 ya mwanga hadi chini, lakini kianzishi kikiongezwa mara 3, ufyonzaji huwa 3 na kinachofika chini ni asilimia 0.1 tu. Kianzishi cha juu kilikuwa kinakula mwanga wa kile cha chini. Tabaka nene hutaka kianzishi kidogo zaidi, au kile ambacho hupoteza uwezo wa kufyonza kadiri kinavyopasuka, ili mwanga uzidi kupenya.

Uso unaonata ni jambo jingine kabisa, na ajabu ni kwamba wengi hulitibu kwa dawa ileile ya kuongeza kianzishi. Hapo mhusika ni oksijeni ya hewani, ambayo hukamata radikali na kuzifanya ziwe vivu kiasi cha kutoendeleza mnyororo. Fukuza hewa kwa naitrojeni, funika uso kwa filamu angavu, au ongeza ukali wa mwanga ili radikali zizaliwe haraka kuliko oksijeni inavyoingia.

Usidhani, hata hivyo, kwamba ukali na muda hubadilishana bila hasara. Miliwati 10 kwa sekunde 100 na miliwati 1,000 kwa sekunde 1, kwa kila sentimita ya mraba, hutoa nishati sawa lakini si lazima zitoe polima sawa. Radikali huuana zikikutana mbilimbili, kwa hiyo katika hali ya kawaida kasi ya mmenyuko hufuata kipeuo cha pili cha ukali: mwanga mara 4, kasi mara 2.

Vaeni glavu tangu siku ya kwanza, kwa sababu akrilati huweza kuisababishia ngozi mzio usioisha.

Resini za epoksi ziwekwe katika daftari lake peke yake. Huko vianzishi ni chumvi za iodoniamu au salfoniamu, ambazo zikipata mwanga huzaa asidi kali, nayo ndiyo hufungua pete za molekuli za epoksi ili zishikane. Oksijeni haiisumbui asidi hiyo, na mmenyuko huweza kuendelea gizani hata baada ya taa kuzimwa. Ila chunga chombo kilichobaki na mabaki ya mchanganyiko wa jana, kwani amini ileile iliyoisaidia kamforakinoni ni besi, na besi huimeza asidi hiyo kabla haijafungua pete hata moja ya epoksi.