Jibu: Kampuni imeyumba, kwa Kiingereza niandikeje?

Mkuu, umeuliza kama kwenye ripoti ya mabosi wenu wa nje uandike kuwa mteja wenu wa Kariakoo, ambaye hajalipa miezi mitatu, ni "bankrupt". Tafadhali usiandike hivyo.

Kwa sheria ya Uingereza "bankrupt" ni mtu binafsi aliyetangazwa rasmi kuwa amefilisika. Kampuni huingia "liquidation", yaani inafungwa na mali zake zinauzwa, kama kampuni ya ujenzi ya Carillion Januari 2018. Au "administration", ambapo msimamizi hukabidhiwa usukani ajaribu kuiokoa. Marekani neno "bankrupt" hutumika hata kwa kampuni, na huko si lazima ife: American Airlines iliomba ulinzi wa mahakama Novemba 2011, ndege zikaendelea kuruka, ikatoka Desemba 2013.

"Insolvent" nalo lichunge sana. Maana yake kampuni haiwezi kulipa madeni yanapoiva, au madeni yamezidi mali. Umeviona vitabu vyake vya hesabu? Kuchelewa kulipa si sawa na kushindwa kulipa. Niliwahi kuona barua yenye neno hilo moja ikiwafanya wauzaji wote wadai taslimu ndani ya wiki, na duka lililokuwa hai likafungwa kweli. Wafanyakazi wake nilikuwa nawafahamu, iliniuma.

Mwenye stoo iliyojaa mzigo lakini hana hela mkononi ana "cash-flow problems". Mimi ningetumia hilo, kisha nitaje ankara zisizolipwa na tarehe zake.