Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Inayopoa Bila Kuvuma

Mwezi huu tumepokea barua nyingi kuhusu kompyuta za mezani zinazovuma. Karibu zote chanzo chake ni kimoja: joto limekosa njia ya kutokea, feni inalazimika kukimbia. Tumechagua barua sita.

Nasoma vitabu vya sauti na matangazo nyumbani, na maikrofoni iko kama mita moja kutoka kwenye kompyuta. Kila rekodi ina mvumo. Nataka kuunda mashine mpya mwenyewe, ya kurekodi na kuhariri sauti. Chumba hakina AC. Nianzie wapi?
*Msomaji, Zanzibar*

Anza na wati kabla ya kufikiria feni. Kila wati inayoliwa na prosesa, ubongo wa kompyuta, inageuka joto, na joto hilo ndilo linaloiita feni. Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 7600 imewekewa kikomo cha wati 88; ndugu yake 7600X anafika 142. Kwenye kuhariri sauti hutaona tofauti ya kazi, ila sikio litaijua tofauti ya kelele. Tena 7600 ina grafiki ndogo ndani yake, inayokutosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo kadi ya grafiki usinunue kabisa. Hapo umeshaondoa feni mbili au tatu bila kutoa senti. Diski iwe SSD (isiyozunguka) ya M.2, ile inayolala juu ya madabodi, bao kuu linalobeba vipande vyote. Diski ngumu ya kuzunguka isiingie kwenye mashine ya kurekodi.

Kwenye kasha ndipo wengi wanapoteleza. Kasha lenye kioo mbele linapendeza dukani, lakini limezibwa pua: feni zinavuta hewa kupitia ufa mwembamba wa pembeni, na hewa iliyobanwa hupiga kelele. Chukua lenye wavu mbele. Mulika tochi ya simu kwenye wavu. Mwanga ukipenya vizuri, hewa nayo itapita. Funga feni mbili za milimita 140 mbele ziingize hewa, na moja ya 140 au 120 nyuma iitoe. Ziwe za pini nne, kwa sababu ile pini ya nne ndiyo inayopeleka amri ya kasi kutoka kwenye madabodi.

Kwa nini tatu na si moja yenye nguvu? Ukiipunguza kasi feni kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15. Ukiongeza feni ya pili inayofanana nayo, kelele inapanda desibeli 3 tu. Kwa hiyo feni mbili za mizunguko 700 kwa dakika zinapitisha hewa sawa na moja ya 1,400, na zinaizidi kwa utulivu kwa desibeli kama 12. Na hewa unayohitaji wala si nyingi. Mashine yako ikikazana kabisa itatoa wati 150 hivi. Ili hewa itoke ikiwa imezidi joto la chumba kwa nyuzi 10 tu, zinatosha mita za ujazo 46 kwa saa, na feni tatu kubwa zinaifanya kazi hiyo zikitembea taratibu.

Prosesa yenyewe ivalishe kipoozeo cha mnara chenye mabomba manne au zaidi ya shaba na feni ya milimita 120. Kabla ya kulipa, soma urefu wake. Vipoozeo vingi vya aina hii vina milimita 155 hadi 160, na kila kasha lina kikomo chake kilichoandikwa kwenye maelezo. Kipoozeo kikizidi kikomo hicho, ubavu wa kasha hautafunga. Pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme) ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Gold, ya kutopoteza umeme mwingi, inakutosha. Tafuta ile ambayo feni yake husimama kabisa kazi ikiwa ndogo.

Kukosa AC kusikutie hofu. Joto la prosesa hujumlishwa juu ya joto la chumba: ikizidi chumba kwa nyuzi 45, basi kwenye chumba cha nyuzi 24 itakuwa 69, na kwenye chumba cha nyuzi 33 itakuwa 78. Kikomo cha prosesa hii ni 95.

Siku ya kuunda, utahitaji bisibisi ya nyota na meza yenye mwanga. Laza madabodi juu ya boksi lake la karatasi, nje ya kasha. Linganisha pembetatu ndogo iliyo kwenye kona ya prosesa na ile ya kwenye soketi, kisha iweke ikae kwa uzito wake bila kuisukuma. Pini za AM5, aina ya soketi ya prosesa hii, ziko ndani ya soketi, na zikipinda madabodi imekwisha. RAM zikiwa mbili, ziingie nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Weka SSD. Halafu tone la pesti ya kupitishia joto lenye ukubwa wa punje ya njegere katikati ya prosesa. Bandua plastiki iliyo chini ya kipoozeo, kishushe wima, na ukaze skrubu kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili kule, mpaka zikome. Waya wa feni yake uende palipoandikwa CPU_FAN. Ndipo uingize kila kitu kwenye kasha na kuunganisha waya mkubwa wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, ulio juu kwenye kona, ambao wengi huusahau.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Madabodi za AM5 hutumia muda huo kuzipima RAM. Usikate umeme. Watu wamefungua na kufunga mashine nzima mara tatu bila kosa lolote, kwa kukosa subira tu.

Mwisho, weka kasha chini, juu ya vipande vya mpira, lisiguse mguu wa meza iliyobeba maikrofoni. Na kama maikrofoni yako ni ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi kwa mbele, mgongo wake ndio usiosikia: uelekeze kwenye kompyuta.

Mashine yangu haipati joto kali, lakini feni inapanda na kushuka kila baada ya sekunde chache, hata nikifungua ukurasa mmoja wa intaneti. Inachosha kuliko kelele ya moja kwa moja.
*Msomaji, Nakuru*

Na ni kweli inachosha, maana sikio huzoea sauti isiyobadilika, lakini kila inapobadilika linashtuka upya. Tatizo lako haliko kwenye vyuma, liko kwenye mpangilio. Kipande cha silikoni ndani ya prosesa ni kidogo sana, kwa hiyo ukifungua ukurasa joto lake huruka nyuzi 15 ndani ya sekunde moja, kisha linashuka. Kipoozeo chenyewe, chenye uzito wa nusu kilo na zaidi, hakijahisi lolote. Feni inakimbilia moto usiokuwepo.

Ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka, sehemu ya feni. Chini ya nyuzi 60, iache feni kwenye asilimia 35, mstari ulale bapa kabisa. Kuanzia nyuzi 60 hadi 75 ipande polepole mpaka asilimia 55. Asilimia 100 iwe kwenye nyuzi 85. Kisha tafuta mpangilio wa kuchelewesha na uupe sekunde 3 hadi 5. Huo ndio utakaokupa usingizi. Feni za kasha zifuate joto la madabodi, lisilorukaruka, badala ya joto la prosesa. Ukishuka chini ya asilimia 30, hakikisha kwa macho kwamba feni inazunguka. Nyingine husimama zikikosa nguvu.

Nilimpelekea fundi kompyuta yenye prosesa ya Intel i5-12400 aisafishe. Imerudi inang'aa, lakini sasa inavuma kama jenereta na inafika nyuzi 100 nikifanya kazi yoyote. Fundi anasema prosesa imechoka.
*Msomaji, Mombasa*

Dada, prosesa haichoki hivyo. Ikifika nyuzi 100 ndani ya dakika moja, kipoozeo hakijaigusa vizuri. Kama bado unatumia kile kilichokuja ndani ya boksi la Intel, kinashikiliwa na vigingi vinne vya plastiki, na kimoja kisipoingia sawasawa upande huo unanyanyuka kwa unene wa unywele. Unywele huo unatosha.

Zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa nyuma ikiwa kasha lina tundu nyuma ya prosesa, na utazame. Kila kigingi kinatakiwa kuonekana kimetokeza, plastiki yake nyeupe imepanuka na kijiti cheusi kiko katikati. Kimojawapo kikionekana kimejificha, huyo ndiye mkosaji.

Usikisukume tu na kufunga. Pesti iliyokwisha kupata hewa haijirudi vizuri. Ng'oa kipoozeo na usome alama zake: pesti inatakiwa iwe imetandazika nyembamba kila mahali. Ukikuta upande mmoja umebanwa hadi chuma kinaonekana na mwingine una pesti nene kama ilivyotoka kwenye bomba, kilikaa kombo. Ukikuta plastiki laini imebaki chini ya kipoozeo, umepata jibu lingine. Futa kwa alkoholi ya isopropili na karatasi isiyoacha nyuzi. Paka upya, na kwa prosesa hii yenye umbo refu weka mstari mmoja mwembamba kufuata urefu wake badala ya tone. Zungusha vichwa vya vigingi virudi pale pa kufungia, kisha vibonyeze kwa mshazari, viwili viwili, mpaka kila kimoja kilie "tak". Usiposikia mlio huo, hakijaingia.

Mwombe pia akuonyeshe feni ya nyuma ya kasha inapuliza kuelekea wapi. Hewa hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Upande huo uangalie nje.

Nimepata Dell OptiPlex ya ofisini, iliyotumika Ulaya. Ni nzuri ila feni yake ndogo inalia. Naweza kuhamishia kwenye kasha kubwa lenye feni kubwa?
*Msomaji, Arusha*

Hapo uwe mwangalifu. Nyingi kati ya hizo hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, na nyingine plagi ya feni ina pini tano. Ukihamisha utahitaji waya za kubadilishia, na bado mashine inaweza kulalamika kila unapoiwasha kwamba feni haionekani. Safisha, badilisha pesti iliyokauka, toa diski ngumu uweke SSD. Mara nyingi inatosha. Feni ikiwa inakwaruza hata ukiizungusha kwa kidole, beringi imekufa. Nunua feni ya modeli hiyohiyo.

Nafikiria kupoza kwa maji ili kuondoa kelele. Chumba kina AC.
*Msomaji, Muscat*

Maji hayalimezi joto, yanalibeba tu. Mwisho wa safari bado kuna rejeta na feni zake, na juu ya hizo umeongeza pampu inayozunguka muda wote, hata ukiwa unasoma barua pepe tu. Kwa prosesa ya wati 88 au 142, mnara mzuri ni tulivu zaidi, na siku feni yake ikifa unabadilisha feni peke yake. Maji yanaanza kuwa na maana kwenye prosesa za wati 200 kwenda juu. Ukiamua kuyatumia, sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Hewa hupanda, na ikikusanyika ndani ya pampu utasikia mchuruziko, kisha pampu itaharibika.

AC haina madhara kwa mashine inayofanya kazi, kwa sababu yenyewe ina joto kuliko chumba. Hatari ni kuitoa mashine kwenye chumba baridi kuipeleka kwenye hewa ya pwani yenye unyevu: matone ya maji yanatanda juu ya vyuma kama kwenye glasi ya soda baridi. Iache saa moja au mbili kabla ya kuiwasha.

Kila baada ya muda gani nisafishe vumbi? Na kuna sauti nyembamba kama mbu nikicheza gemu, feni sio.
*Msomaji, Dodoma*

Kwa vumbi la kwenu, chujio la mbele lioshe kila mwezi, likauke kabisa kivulini kabla ya kulirudisha. Ndani, kila miezi mitatu au minne inatosha, na kama feni zako za kuingiza hewa ni nyingi kuliko za kutoa itakuwa nafuu zaidi, maana hewa itasukuma kutoka kwenye nyufa badala ya kuvuta vumbi kupitia humo. Tumia blowa nje ya nyumba, umeme umechomolewa, na kila feni uishike kwa kidole. Feni inayopulizwa bila kushikwa huzunguka kupita kasi yake na beringi inaumia. Vumbi lililoganda kama sufu kati ya mapezi ya kipoozeo na feni halitoki kwa kupuliza. Toa feni, lisogeze kwa brashi laini.

Sauti ya mbu ni koili za kadi ya grafiki zikitetema kwa umeme unaopita. Si ugonjwa. Hupanda picha zinapokuwa nyingi kwa sekunde, kwa hiyo weka kikomo cha picha 60, au kile cha skrini yako, kisha punguza kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 80. Kasi utakayopoteza ni ndogo, na feni za kadi nazo zitashuka.