Anahesabu mpaka mia ila hawezi kukupa vijiko saba: jibu la mwalimu wa darasa la kwanza

Dada, nimesoma swali lako pamoja na majibu uliyopewa. Kijana wako ana miaka sita, yuko darasa la kwanza, namba anaziimba mpaka mia, ila ukimtuma vijiko saba anakuletea vyovyote mkono ulivyoshika, na kwenye daftari b na d zinabadilishana. Mmoja kakwambia mtoto ni mzito, mwingine kasema tuisheni ya jioni, mwingine umhamishie shule ya Kiingereza. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili, shule ya serikali, Tanga. Nakuomba sana usikubali mtoto huyo aitwe mzito.

Tuanze na hizo b na d. Hakuna anayezaliwa na sehemu ya kusomea kichwani. Maandishi yana miaka kama 5,000 tu, kwa hiyo ubongo unaazima eneo la kuonea, upande wa kushoto, nyuma kwa chini, ambalo kazi yake ya asili ni kutambua vitu na sura za watu. Mfaransa Stanislas Dehaene na wenzake waliwapima watu wazima wa Brazil na Ureno, waliosoma na wasiosoma, wakachapisha matokeo mwaka 2010: kadiri mtu alivyojua kusoma, ndivyo eneo hilo lilivyoamka akionyeshwa maandishi, hata kwa waliojifunza ukubwani. Sasa eneo hilo limezoea kwamba kikombe ni kilekile, mkono wake uelekee kushoto au kulia. Kwa vikombe ni sawa kabisa. Kwa b na d ndiyo shida yenyewe, na mtoto wa miaka sita au saba kuzichanganya ni kawaida. Mimi huwaandikisha kwa kidole kwenye mchanga, herufi kubwakubwa, huku wakitamka sauti yake, na d siileti mpaka b imekaa.

Kwenye kuimba naomba nikae kidogo, maana ndiko wengi wanakopotelea. Nilikuwa na binti aliyesoma ubao mzima, ba be bi bo bu mpaka za ze zi zo zu, kijiti kikifuata bila kukosea. Siku moja nikafunika mstari kwa kanga nikaacha bo peke yake. Akanyamaza. Halafu nikaona midomo inacheza: ba, be, bi… ndipo akasema bo. Alikuwa na wimbo, ila sauti ilikuwa haijashikana na herufi yake. Nikakata kadi za boksi, silabi moja kila kadi, nikazivuruga. Alipoweka bo na ga akapata boga, alicheka hadi wenzake wakageuka. Tangu hapo hakuhitaji wimbo.

Namba za mwanao ziko palepale. Kichanga wa miezi sita tu anatofautisha nukta 8 na 16, hilo limepimwa. Hisia ya wingi tunazaliwa nayo. Lakini kujua kwamba neno la mwisho ulilolitaja ndilo idadi ya vitu vyote ni hatua nyingine kabisa. Karen Wynn, kule Marekani, aliionyesha mwaka 1990 kwa kuwaambia watoto wadogo "nipe vitatu": wapo waliojua kuhesabu kwa mdomo ila wakachota tu kiasi chochote. Hatua hiyo huja moja, kisha mbili, kisha tatu, taratibu. Kwa hiyo weka vizibo vya soda mkekani umwambie "nipe viwili", halafu vitatu, vinne. Pale anapoanza kuchota ovyo ndipo pa kuanzia, hata kama ni vinne na yeye anaimba mia. Ahamishe kizibo kimoja kimoja kwa kila namba, kisha umuulize "viko vingapi?" Akirudia kuhesabu tangu mwanzo, bado hajafika. Vidole mwachie avitumie. Kumchapa mtoto kwa kuhesabia vidole ni kumnyang'anya ngazi akiwa katikati.

Kuhusu shule ya Kiingereza: Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, huo ni mtaji. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003 uliwalinganisha watoto wa Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Wafini na Waitaliano walisoma maneno ya kawaida karibu yote. Wa Uskoti, wanaosoma kwa Kiingereza, kama theluthi moja. Mwache kwanza ashike kusoma kwa lugha anayoiota usiku.

Tuisheni ya jioni siiungi mkono. Mtoto wa miaka sita jioni anahitaji kula, kucheza na kulala. Usingizi ndio unaokaza alichojifunza mchana. Ila mpeleke akapimwe macho na masikio, hilo usilichelewe, maana wapo wanaoitwa wazito kumbe ubao hawauoni.

Ukishajaribu vizibo, rudi uniambie aliishia ngapi na alifanyaje ulipomuuliza viko vingapi. Tutaendelea kuanzia hapo.