Kabla hujalipia kozi ya ubodigadi, muulize mwalimu wako alifundishwa na nani

"Jambo afande. Kuna kozi ya bodigadi Kampala, siku tano, milioni mbili na nusu, cheti cha kimataifa. Nilipe ama niache?"

Ujumbe huu uliniingia juzi saa nne usiku, kutoka kwa kijana wa Arua ambaye hatujawahi kuonana. Usingizi ukakata. Namjibu hapa hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mnalinda mageti na mabenki, na hamu yenu ni kutoka getini mpande gari la bosi. Hata mimi nilikuwa na hamu hiyo.

Nilirudi kutoka Iraki mwaka 2011. Waganda tulikwenda kule kwa maelfu, na kazi yangu ilikuwa geti na mnara, basi. Nikarudi na akiba, na sehemu kubwa ya akiba ile nikamkabidhi mkufunzi mgeni aliyekodi ukumbi wa hoteli. Alituambia chama chake kinajulikana dunia nzima. Tukajifunza kuchomoa bastola ya plastiki, tukapigwa picha na miwani myeusi, tukapewa vyeti vyenye muhuri wa rangi ya dhahabu.

Mwezi uliofuata nikaajiriwa na mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla katikati ya Kampala. Anayeijua Kikuubo anajua: wachukuzi na magunia mgongoni, mikokoteni, watu bega kwa bega. Siku ya tatu ugomvi ukazuka mbele ya duka la vitenge. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikasimama, nikatanua miguu, nikaweka mkono kiunoni, nikawakazia macho wagombanaji. Kugeuka, bosi hayupo! Walikuwa wamemsukumia uchochoroni wakampora mkoba. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la mchele, kiatu kimoja hana, midomo inamtetemeka. Hakunifokea. Alinihesabia pesa ya siku tatu pale pale, akaniambia niende nyumbani. Mpaka leo nikiwa na shughuli upande ule nazunguka njia nyingine.

Ndipo nikaanza kujiuliza: yule aliyenifundisha, yeye alifundishwa na nani? Nikakaa kusoma historia ya vyama hivi. Kimoja cha zamani kati yao ni International Bodyguard Association, kilichoanzishwa Paris mwaka 1957 na Lucien Ott. Angalieni mwaka na mahali. Ufaransa ilikuwa katikati ya vita vya Algeria, na viongozi wake walikuwa wakiwindwa. Tarehe 22 Agosti 1962 wauaji walimvizia Rais de Gaulle huko Petit-Clamart, nje kidogo ya Paris. Walifyatua risasi zaidi ya 100. Matairi ya ile Citroën DS yakapasuka. Dereva wake, Francis Marroux, hakusimama kupigana na mtu. Alikanyaga mafuta, gari likiyumba, mpaka akamtoa Rais na mkewe wakiwa hai. Sisemi ni chama kile kilichomfundisha. Nasema hiyo ndiyo shule ya zama zile, na mkufunzi wangu hakutuambia hata neno moja juu yake.

Na sisi Uganda tunalo tukio letu. Tarehe 1 Juni 2021, Kisaasi, hapa Kampala, Jenerali Katumba Wamala, wakati huo waziri na aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi, alimiminiwa risasi akiwa ndani ya gari. Binti yake na dereva wake walifariki, Mungu awarehemu. Jenerali mwenyewe, akiwa na majeraha, alikimbizwa hospitali kwa bodaboda. Bodaboda, ndugu zangu! Kazi yetu ni kumtoa mtu pale penye kifo, kwa chochote chenye magurudumu. Bunduki inakupa nafasi ya kumtoa tu.

Mimi aliyenifundisha hasa ni mzee mmoja Mnubi wa Bombo, sajenti mstaafu. Hana ukumbi. Kila Ijumaa alinitembeza kutoka msikitini hadi kwake, kisha barazani, chai ya tangawizi mkononi, ananiuliza: Milango mingapi ilikuwa wazi? Nani alivaa koti na jua hili? Nikianguka sasa hivi, ungenipitishia wapi? Nikikosea, tunarudi msikitini tunaanza upya. Siku ya kwanza tulirudi mara nne, na goti lake bovu. Akanishika mkanda kwa nyuma, akasema, "Mkono wako usipomfikia bosi hivi, humlindi. Unamtazama."

Wiki jana binti niliyemfundisha mimi alishinda wanaume sita kupata kazi ya kumlinda mgeni mzito. Wenzake walizungumzia shabaha. Yeye aliuliza gari litaegeshwa limeelekea wapi, na dereva ni nani. Nimejivuna, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo, kijana wangu, muulize huyo mkufunzi alifundishwa na nani. Akikutajia chama, mwambie unataka jina la mtu. Muulize ni masaa mangapi mtatembea barabarani na mangapi mtakaa ukumbini. Na ujue kwamba hapa kampuni za ulinzi hupewa leseni na polisi; muhuri wa chama cha ng'ambo haukupi ruhusa ya kushika bunduki Uganda. Kisha muulize tena alifundishwa na nani. Acheni kukimbilia miwani! Umewekewa roho ya mtu mikononi, mtu mwenye watoto wanaomsubiri kwa chakula cha jioni, nawe unawaza picha ya kuweka kwenye simu?

Pesa yako isitoke mfukoni kwanza. Basi la Arua linapita Bombo kabla ya kuingia Kampala; mwambie kondakta akushushe hapo siku ya Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Mzee bado anatembea. Goti limezidi, kwa hiyo siku hizi tunakwenda polepole.